Serikali Katika Mageuzi ya Afya: Tuwasikilize Wanaopinga, Bukoba na Muleba



1. Utangulizi
Wapo wenzetu wanaotaka Serikali ipunguze mkono wake katika mageuzi ya afya. Tumezoea kuwaita wabishi wanaohitaji kuelimishwa. Naamini tunawaonea. Mada hii inaeleza wanapopatia na wanapokosea.

2. Tulikotoka
Hospitali kongwe za Muleba ni za makanisa: Ndolage ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), Rubya na Kagondo za Jimbo Katoliki la Bukoba. Mwaka 1977 Serikali ilipiga marufuku hospitali za watu binafsi za kibiashara. Za dini zikaachwa ziendelee. Marufuku hiyo ililegezwa mwaka 1991, na uchangiaji wa gharama ukaanza 1993. Rubya ikawa hospitali teule ya wilaya, kanisa na Serikali wakibeba mzigo pamoja. Kwa hiyo kwetu suala la Serikali kuingia lilikwisha zamani. Tunachojadili leo ni namna inavyoingia.

3. Hoja za wanaopinga
Ya kwanza ni ulazima. Muswada wa bima ya afya kwa wote wa mwaka 2022 uliifungamanisha bima na huduma kama leseni ya udereva. Ulipingwa, ukaahirishwa, na sheria ikapitishwa Novemba 2023.

Ya pili ni bei. Machi 2024 hospitali binafsi kadhaa zilisitisha kuwahudumia wanachama wa Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF) zikipinga bei za kitita kipya cha mafao. Aliyeumia ni mgonjwa ambaye makato yake yalikuwa yameshalipwa.

Ya tatu, na kwangu ndiyo nzito, ni dawa. Chukueni mama wa kijijini ambaye kaya yake imelipa mchango wa mwaka wa Mfuko wa Afya ya Jamii (CHF) ulioboreshwa. Anapanga foleni na mtoto mgongoni, anapimwa, anaandikiwa dawa. Akifika dirishani anaambiwa: "Hii hatuna, kanunue nje." Anakwenda duka la dawa, anatoa fedha taslimu. Mwaka ukiisha, kadi haihuishi. Lakini mama huyohuyo hakosi mchango wa kikundi cha kuzikana. Hakuna sheria inayomlazimisha. Anajua msiba ukimfika, turubai, sufuria na chakula vitafika siku hiyohiyo.

4. Wanapokosea
Wanakosea wanapohitimisha kwamba Serikali ijitoe. Machi 2023 ugonjwa wa virusi vya Marburg ulizuka Bukoba Vijijini. Wagonjwa walikuwa 9, wakafariki 6, akiwamo mhudumu wa afya. Kupima sampuli, kuwafuatilia waliogusana na wagonjwa na kuwatenga ni kazi ambayo hospitali moja au kikundi cha kijiji hakiiwezi. Ugonjwa ulitangazwa kuisha 2 Juni. Hali kadhalika, kikundi cha watu maskini watupu hakiwezi kulipia upasuaji. Lazima wenye nacho wachangie mfuko mmoja na wasio nacho, na msimamizi wa mfuko huo ni Serikali.

5. Mapendekezo
(a) Kila zahanati ibandike ubaoni, kila mwezi, dawa zilizopo, zilizokosekana na fedha za CHF zilizopokelewa.
(b) Dawa ikikosekana, mwanachama aipate kwenye duka lililosajiliwa kwa gharama ya mfuko.
(c) Madai ya hospitali, za umma na za dini, yalipwe ndani ya muda wa mkataba.
(d) Wakulima wachangie msimu wa kahawa, na wavuvi wa visiwa vya Bumbire na Goziba wachangie kidogo kidogo, kwa kuwa kipato chao ni cha kila siku.

6. Hitimisho
Anayekataa kulipia dirisha tupu si adui wa maendeleo; anatudai. Dawa zitangulie, ulazima ufuate. Nawasihi tulipeleke hili kwenye vikao vyetu vya halmashauri kabla ya kumgongea mwananchi mlango kumdai mchango.