Stesheni za Nachingwea: Tuulize Reli ni ya Nani

(Mazungumzo mbele ya walimu na wanafunzi wa historia)



Wengi wenu mmezaliwa Nachingwea, lakini hamjapata kusikia mlio wa garimoshi katika wilaya yenu. Msidhani haukuwako.

Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha katika Tanganyika mpango mkubwa wa kulima karanga, kwa kuwa Waingereza walikuwa na uhaba wa mafuta ya kula baada ya vita. Sehemu tatu zilichaguliwa: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Ili karanga za Nachingwea zifike baharini, reli ilijengwa kutoka Mkwaya, karibu na Lindi, ikapita Ruo, na mwaka 1949 ikafika Nachingwea. Bandari ya kina kirefu ilifunguliwa Mtwara mwaka 1954, nayo ikaunganishwa na reli hiyo. Baadaye njia ikaendelezwa hadi Masasi.

Lakini karanga zenyewe hazikupatikana. Mpango uliachwa mwaka 1951, baada ya kupoteza kiasi cha pauni milioni 36. Kwa hiyo bandari ilifunguliwa wakati shehena iliyokusudiwa haipo tena! Stesheni zilijengwa kwa hesabu zilizopigwa London, wala si kwa kufuata mazao na mahitaji ya mkulima wa Kusini. Mizigo haikutosha kulipia gharama, na mwaka 1962, miezi michache tu baada ya Uhuru, reli ikafungwa. Vyuma vikang'olewa.

Ndugu zangu, hasara hiyo haikumwangukia aliyepiga hesabu peke yake. Mkulima wa Kusini alibaki na barabara zisizopitika wakati wa masika, akangoja hadi mwaka 2003 ndipo Daraja la Mkapa likavuka mto Rufiji.

Kwa miaka mingi umezungumzwa mpango wa reli nyingine, kutoka Mtwara hadi Mbamba Bay. Reli ni jambo jema. Lakini stesheni za Nachingwea zinatufundisha kuuliza mapema: itabeba mzigo wa nani, na mzigo huo ukikosekana, itabeba nini?

Basi nawaomba wanafunzi mwende kwa wazee. Waulizeni stesheni zilisimama wapi, nani walifanya kazi humo, na ng'ambo ya reli waliishi nani. Yaandikeni majibu yao sasa, maana waliopanda garimoshi lile wanazidi kupungua.