Yakobo Arudi Kwao na Watoto

Leo twatazama kitabu cha Mwanzo, sura ya 32 na ya 33.

Yakobo alipokimbia nyumbani, mama yake Rebeka alimwambia akakae kwa mjomba wake Labani siku chache tu, hata hasira ya Esau ipoe. Siku chache hizo zikawa miaka 20: alitumika 14 kwa ajili ya wake zake wawili, na 6 kwa ajili ya mifugo. Sisi tuliokwenda mbali kutafuta kazi twazijua siku chache za namna hiyo.

Sasa anarudi na wana 11 na binti yake Dina, wote wazaliwa wa ugenini. Babu yao Isaka hawajamwona. Hata lugha huenda ilikuwa taabu, maana walipoagana na Labani penye rundo la mawe, Labani aliliita kwa Kiaramu, na Yakobo akaliita Galedi, kwa lugha ya kwao. Watoto wetu waliolelewa Nairobi au Uingereza wakifika kwa nyanya yao hukaa kimya, wakingoja mama awaeleze yanayosemwa.

Lakini lugha hufundishika. Taabu kubwa ya Yakobo ilikuwa ndugu yake, ambaye alimnyang'anya baraka kwa hila, na sasa anakuja na watu 400. Watoto hawakuwa na kosa lolote katika shauri lile, nao ndio waliokuwa hatarini. Katika maombi yake Yakobo hakujiogopea nafsi yake tu. Aliwataja akina mama na watoto.

Akatanguliza zawadi: mbuzi, kondoo, ngamia, ng'ombe na punda, zaidi ya 500. Tusimcheke. Nasi tumefunga mizigo, tumenunua sukari na blanketi za wazee. Je, tumempelekea ndugu yetu neno lolote kuhusu lile shamba?

Jambo moja hatulipendi. Aliwapanga wajakazi na watoto wao mbele, Raheli na Yusufu nyuma kabisa. Watoto huona mambo kama hayo, wala hawayasahau. Hata hivyo yeye mwenyewe aliwatangulia wote, akainama mara 7. Esau akamkimbilia, akamkumbatia, wakalia wote wawili. Ndipo Esau alipouliza hawa ni akina nani, nao wakasogea, kundi kwa kundi, kumsalimu baba yao mkubwa.

Esau aliikataa mifugo, kwa kuwa alikuwa na mali tele. Yakobo akamsihi, na hapo akaiita zawadi yake kwa neno lile lile la Kiebrania la baraka, kitu kile alichokichukua zamani. Esau akapokea.

Hawakukaa boma moja. Esau alirudi Seiri. Yakobo alikwenda Sukothi, kisha Shekemu, akanunua kiwanja cha kupiga hema yake. Yako pia yaliyochelewa. Maandiko hayasemi kwamba alimwona mama yake tena. Twasoma tu kwamba Rebeka alizikwa katika pango la Makpela. Raheli naye alifia njiani, karibu na Bethlehemu, kabla ya kufika kwa mkwewe.

Isaka alikuwa hai bado, huko Hebroni. Alipokufa, mwenye miaka 180, wanawe Esau na Yakobo walimzika pamoja.