Mlango wa Bwalo
(Hotuba fupi kwenye mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa niseme machache juu ya muziki wa enzi zetu. Nitataja wimbo mmoja tu. "Police and Thieves" ni rege aliyoiimba Junior Murvin wa Jamaika mwaka 1976, kwa sauti nyembamba na laini. Mwaka 1977 The Clash wa London waliupiga kipanki: magitaa yakikwaruza, ngoma zikigonga, besi ikitetemesha kifua, dakika 6 nzima.

Sisi tuliupenda. Jumamosi moja tuliupiga bwaloni, sauti imefunguliwa hadi mwisho. Mwenzetu mmoja aliziba masikio, akakimbilia nje. Tulimrudisha, tukaushika mlango, huku tukicheka. Akatapika sakafuni, anatetemeka. Tukamwita mwoga.

Hakuwa mwoga. Wako watu ambao sauti tunayoifurahia sisi, kwao ni maumivu hasa. Nililielewa hilo miaka mingi baadaye, mwanangu mwenyewe alipoanza kuziba masikio.

Vijana, hata masikio mazima yana kipimo chake. Shirika la Afya Duniani linashauri tusisikilize sauti ya desibeli 80 zaidi ya saa 40 kwa juma. Chezeni muziki, lakini mlango wa bwalo uwe wazi, na anayetoka asichekwe.

Mwenzetu yule yumo humu leo, ameketi karibu na mlango. Ndugu yangu, niwie radhi.