Namba Iliyoficha Vigawo Vyake kwa Miaka 259

(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa niseme machache juu ya hesabu, nami najua wapo humu waliokwisha apa kutoisikia tena. Basi nitasema juu ya namba moja tu. Ni hii: 147,573,952,589,676,412,927.

Mnaikumbuka hadithi ya punje za nafaka katika ubao wa sataranji: punje moja katika chumba cha kwanza, mbili katika cha pili, nne katika cha tatu, hivyo hivyo hadi chumba cha 64. Lau ubao ungekuwa na vyumba 67, jumla ya punje zote ingekuwa namba hiyo barabara. Kwa lugha ya darasani, ni 2 kwa kipeo cha 67, kutoa 1.

Mwaka 1644 mtawa wa Kifaransa, Marin Mersenne, aliandika kuwa namba hii ni tasa, yaani haigawanyiki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Nani angembishia? Mwaka 1876 Mfaransa mwingine, Édouard Lucas, alionyesha kuwa si tasa. Lakini, na hapa ndipo penye utamu, hakutaja hata kigawo kimoja! Njia yake ilithibitisha kuwa vigawo vipo, isiseme ni vipi. Ni kama mtu apimaye gunia akajua limepunguzwa, asimjue mwizi.

Mwizi alikamatwa New York, Oktoba 1903, katika mkutano wa chama cha wanahisabati wa Marekani. Husimuliwa kuwa Frank Nelson Cole alikwenda ubaoni bila kusema neno, akaikokotoa namba yetu, kisha kando yake akaandika 193,707,721 mara 761,838,257,287. Akazidisha kwa mkono, tarakimu baada ya tarakimu. Majibu yakalingana, akarudi kuketi, watu wakapiga makofi. Alipoulizwa baadaye kazi ile ilimchukua muda gani, yasemekana alijibu: Jumapili za miaka mitatu.

Hakubahatisha. Kwa kuwa 67 ni tasa, kila kigawo cha namba yetu, kikigawanywa kwa 134, yaani 67 mara mbili, lazima kibakize 1. Jaribuni kwa namba ndogo: 2 kwa kipeo cha 11, kutoa 1, ni 2,047, nayo ni 23 mara 89. Gawanyeni kila kimoja kwa 22, mtaona. Basi foleni ya kutafuta huanza 135, 269, 403, na kuendelea. Kigawo kidogo cha Cole kimesimama nafasi ya 1,445,580 katika foleni hiyo! Cole alikuwa na mbinu nyingine za kuwaondoa wengi foleni, la sivyo Jumapili zisingemtosha.

Mtaniuliza faida yake. Kuzidisha namba tasa mbili kubwa ni kazi nyepesi. Kuzitenganisha tena ni jasho. Mwaka 1977 Rivest, Shamir na Adleman, wakiwa Marekani, walitumia tofauti hiyo kufungia siri, na njia yao ikaja kulinda habari za mabenki na za kompyuta. Walitoa namba ya tarakimu 129, wakaahidi dola 100 kwa atakayeufungua ujumbe uliofungwa kwayo. Ilidhaniwa kazi hiyo ingechukua mamilioni ya miaka. Ilichukua 17: mwaka 1994 watu wa kujitolea wapatao 600, wakitumia kompyuta nyingi, waligawana kazi kwa mbinu mpya, wakavipata vigawo. Tangu hapo namba za kufungia siri zimerefushwa mno.

Mwenyekiti ananitazamia saa. Naomba tu niwaachie vijana wa Kidato cha Pili walioketi kule nyuma kazi moja: 2 kwa kipeo cha 29, kutoa 1, ni 536,870,911. Si tasa. Ina vigawo tasa vitatu, na foleni yao ni ya 58. Wa kwanza hayuko mbali na mlango.