PAA LA NYUMBA NA USINGIZI WA MFANYA KAZI

(Maneno yaliyosemwa na mwenzetu wa reli mbele ya wanachama, Mombasa)



Leo hatukuja kusema habari ya mshahara, ingawa hiyo nayo haijesha. Tumekuja kusema habari ya paa la nyumba. Labda wengine watacheka na kuuliza, "Paa lina neno gani na Chama?" Twaomba mtuvumilie kidogo.

Sisi tufanyao zamu ya usiku twarudi nyumbani saa moja asubuhi. Twanywa chai, twalala. Ifikapo saa nne bati limekwisha kushika moto, na saa saba chumba ni kama tanuri la mkate. Miezi ya kaskazi, tangu Desemba mpaka Machi, joto la hapa Mombasa hufika digrii 32 au 33 kivulini. Lakini bati kuukuu lenye kutu likipigwa na jua laweza kupita digrii 60, nalo liko juu ya kichwa cha mtu aliyelala. Watoto hutoka vipele vya joto, na mama zao huwapeleka chini ya mwembe. Mwenye zamu hubaki ndani akijigeuza kitandani. Jioni huenda kazini na macho mekundu.

Mwaka mmoja mwenzetu wa yadi, ambaye kazi yake ilikuwa kugeuza njia za treni, alishikwa na usingizi hali amesimama. Mabehewa matupu yakaingia njia isiyo yao. Kwa rehema ya Mungu hakuna aliyeumia. Mwenzetu aliulizwa maswali mengi: Ulikunywa pombe? Mchana ulikuwa wapi? Hakuna aliyemwuliza, "Paa lako ni la namna gani?" Sisi majirani tulijua. Alikuwa na siku tatu hajalala sawasawa.

Ndugu zangu, sisi watu wa reli twajua jua linavyofanya chuma. Reli ya mita 12 ikizidi joto kwa digrii 30 hurefuka karibu milimeta 4. Ndiyo maana ndugu zetu wa gengi huacha nafasi palipoungwa reli, na siku za jua kali huikagua njia isije ikapinda. Matangi ya mafuta nayo mengi hupakwa rangi nyeupe au ya fedha ili jua lirudishwe. Basi chuma cha reli chalindwa na jua, na mafuta yalindwa na jua, lakini mtu aiangaliaye reli hiyo amelazwa chini ya bati lisilolindwa na kitu.

Wazee wa pwani walilijua jambo hili zamani. Nyumba za mawe za Mombasa na Lamu zina kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, na nyingine ziliezekwa makuti juu ya dari ya mawe, hewa ikapita katikati. Hatusemi turudi kwenye makuti katika vyumba vilivyobanana, kwa maana moto ukishika kimoja umeshika vyote. Twasema tuichukue akili yao.

Mambo ya kufanya ni haya.

Kwanza, rangi nyeupe. Bati lenye kutu hunywa sehemu kubwa ya jua; bati lililopakwa nyeupe hulirudisha. Chokaa ni rahisi, lakini mvua huiosha, basi hupakwa kila mwaka vuli ikiisha. Rangi nyeupe ya paa hugharimu zaidi, nayo hukaa zaidi. Kwangueni kutu kwanza. Msitie chumvi katika chokaa ya bati, italila. Tumieni chokaa iliyokwisha kuzimwa, na kingeni macho, kwa maana huunguza. Wanaokinga maji ya mvua wayamwage maji ya kwanza.

Pili, dari. Joto la bati hushuka kama joto la jiko, hata usipoligusa. Ukiweka dari ya mbao nyembamba au mikeka, joto hilo hukutana na dari kabla ya kukutana na wewe. Lakini mkeka na moto ni maadui. Msipike chini yake.

Tatu, matundu ya hewa. Hewa ya moto hupanda. Ikikosa mlango juu, hukaa hapo hapo chini ya bati mpaka usiku. Yafaa pawe na tundu juu karibu na kilele cha paa na jingine chini upande wa upepo, yote yakiwa na wavu kwa ajili ya mbu.

Nne, mti. Pandeni mwarobaini upande wa magharibi, jua la alasiri ndilo baya. Usiwe karibu mno na ukuta.

Neno la hatari: paa la asbestosi msilikwangue wala kulitoboa. Vumbi lake huharibu mapafu. Hilo liachiwe wenye ujuzi.

Sasa, nani alipe? Mti twaweza kupanda wenyewe. Lakini rangi, dari na matundu ni kazi ya mwenye nyumba. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 31, yataka mwajiri ampe mfanya kazi nyumba ifaayo kwa gharama yake mwajiri, au amlipe fedha ya kutosha kodi, isipokuwa pale mshahara au mapatano yamekwisha kuitia fedha hiyo ndani. Twauliza: nyumba isiyolalika, je, yafaa?

Lakini tusiende mezani na manung'uniko matupu. Tumefikiri hivi. Tuchague vyumba viwili vilivyo sawa, ukuta kwa ukuta. Kimoja tukipake nyeupe, kingine tukiache. Ndani ya kila kimoja tutundike kipima joto, na kila siku saa saba na saa kumi tuandike katika daftari, majuma mawili, bila kuongeza wala kupunguza. Kisha Katibu alichukue daftari hilo mbele ya wakubwa. Mtu aweza kubishana na kilio chetu. Na abishane na hesabu tumwone.

Chokaa ya chumba kimoja twaweza kuchangia hapa hapa leo. Kofia hii inapita.

Ni hayo tu, ndugu.  Umoja ni nguvu.