Mzee Anayesahau Aulizwe Ridhaa Yake

Msikilizaji, mzee akianza kupotea njia ya nyumbani hapa Chemchem, Tabora, wengi husema ni uzee tu. Wapo wanaonong'ona kwamba ni mchawi, na mikoa yetu ya magharibi imezika vikongwe waliouawa kwa tuhuma za namna hiyo.

Huenda ni demensia, ugonjwa wa ubongo unaoleta usahaulifu, na tiba yake imeshafanyiwa majaribio hapa nchini. Wilayani Hai, Kilimanjaro, wazee 34 wenye ugonjwa huo walikutana katika vikundi kwa vipindi 14 vya mazungumzo na shughuli za kuchangamsha akili, bila dawa mpya. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha nafuu katika kufikiri na kupungua kwa wasiwasi. Idadi ni ndogo, lakini njia imefunguka.

Ilifunguka kwa sababu wazee na jamaa zao walikubali kushiriki. Ridhaa hiyo ina masharti. Utafiti uwe na kibali cha maadili. Ukihusu dawa mpya, uidhinishwe pia na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA). Mshiriki aelezwe faida na hatari kwa lugha anayoielewa, iwe Kiswahili au Kinyamwezi, na awe huru kujitoa bila kunyimwa matibabu. Akishindwa kuamua, ndugu amsemee; hata hivyo, mzee akionyesha kukataa, aachwe.

Watafiti nao wafike Tabora. Dawa na tiba za kesho zisipojaribiwa kwa wazee wetu, tutajuaje kama zinawafaa? Familia yenye mzee anayesahau imfikishe hospitali mapema, na ikialikwa kwenye utafiti, iulize maswali yote kabla ya kutia saini.