Mkarafuu Mama



Somo letu la leo ni harufu. Chukua karafuu moja kavu. Ibonyeze kwa ukucha, kisha inuse. Mafuta yanatoka. Harufu imo katika mafuta hayo. Katika kilo 100 za karafuu kavu mna mafuta kilo 15 hata 20. Sehemu yake kubwa huitwa eujenoli. Ndiyo inayotuliza jino linalouma.

Je, mikarafuu yote ina harufu sawa? La. Asili ya mkarafuu ni visiwa vya Maluku, Indonesia. Huko mwituni iko mikarafuu yenye eujenoli haba sana. Watu wa kale walichagua miti yenye harufu kali, wakaipanda vizazi na vizazi. Mbegu zilizofika Zanzibar mwanzoni mwa karne ya 19 zilitokana na miti iliyochaguliwa. Nasi tuchague.

Tafuta mkarafuu mzima, uliozaa vizuri misimu mingi. Anika karafuu zake katika jamvi la peke yake. Zikikauka, zilinganishe na za mti mwengine. Pua yako itakwambia. Huo ndio mkarafuu mama. Unga wa ua lake mara nyingi huangukia ua lile lile, kwa hiyo mtoto humfuata mama.

Msimu ujao, acha tawi moja usilichume. Utakosa karafuu kidogo, lakini utapata mbegu. Ua litafunguka, na tunda litaiva rangi ya zambarau. Liloweke usiku mmoja, limenye ganda, uipande mbegu upesi katika kitalu chenye kivuli. Usiianike! Mbegu ya karafuu haiwekwi kama ya mahindi. Ikikauka, imekufa.

Usiokote mche wowote kwa kuwa umeuona karibu. Mkarafuu hukaa miaka 6 hivi, au zaidi, kabla ya kuzaa, na huweza kuishi miaka 100. Ukikosea leo, kosa hilo watalichuma wajukuu zako.

Sasa andikeni majibu:

1. Harufu ya karafuu imo katika nini?
2. Kwa nini tunaacha tawi moja bila ya kulichuma?
3. Kwa nini mbegu ya karafuu haianikwi?

Kwa herini, mpaka somo lijalo.